Mfalme Mmoja, Yule Mfalme: Hotuba Kuhusu "A" na "The"

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wafasiri, na ninyi wanafunzi mlioacha shughuli zenu kuja kusikiliza sarufi ya Kiingereza: asanteni, na poleni.

Nimeombwa nizungumzie vineno vitatu, "a", "an" na "the". Ukivijumlisha vyote, herufi zake ni sita tu. Lakini mtu anaweza kusoma Kiingereza miaka 15, akaandika tasnifu na kuitetea, na bado vineno hivi vikamuumbua kwenye sentensi ya kwanza. Wanasarufi huvitia katika kundi la vibainishi, yaani maneno yanayobainisha nomino. "The" peke yake ndilo neno linalotumika zaidi kuliko yote katika Kiingereza, kwa hiyo ukiwa hulijui vizuri hutalikosea mara moja ukapumzika. Utalikosea ukurasa mzima.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Nilipokuwa kijana natafuta kazi ya ufasiri, niliandika barua ya maombi nikaipiga msasa usiku kucha. Nilitaka kusema, kwa unyenyekevu, kwamba nina uzoefu kidogo. Nikaandika: "I have little experience." Jibu lilikuja upesi, la mistari miwili, la kunitakia kila la heri mahali pengine. Ilipita miaka ndipo nikaisoma tena nakala ya barua ile na kuona nilichokuwa nimekiandika. "A little experience" ni uzoefu kidogo, lakini upo, una pa kuanzia. "Little experience" ni uzoefu ambao karibu haupo kabisa. Sisi yote mawili tunayaita "kidogo", kisha tunayatenganisha kwa sauti au kwa neno la ziada: "ninao kidogo", au "ni mdogo mno". Kiingereza kimeibebesha tofauti yote hiyo herufi moja, na mimi herufi hiyo niliiacha nyumbani.

Ndugu yake ni "few" na "a few". Anayesema "A few people came" ameridhika, watu kadhaa walifika. Anayesema "Few people came" analalamika, ukumbi ulikuwa mtupu. Watu waliofika wanaweza kuwa walewale, idadi ileile.

Sasa tulifundishwaje? Wengi wetu tuliambiwa kwamba "a" ni kwa kitu chochote, na "the" ni kwa kitu maalumu. Tukaandika daftarini, tukapiga mstari kwa kalamu nyekundu. Maelezo hayo ni nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ndiyo inayotuangusha. Chukua sentensi "I bought a car yesterday." Hilo gari si gari lolote. Lina namba zake, lina mkwaruzo kwenye mlango wa kushoto, na fedha iliyolinunua imetoka mfukoni mwangu. Ni maalumu kuliko kitu chochote nilichofanya wiki hii. Basi kwa nini Mwingereza anasema "a car"?

Kwa sababu wewe unayenisikiliza hulijui.

Hapo ndipo penye shina la jambo zima, na ningependa mtu akisahau mengine yote ya leo asisahau hili: vineno hivi havisemi habari za kitu, vinasema habari za msikilizaji. Kila ninapotaja nomino, Kiingereza kinanidai nijibu kwanza: huyu ninayezungumza naye ataweza kujua ni kipi ninachokisema? Akiweza, "the". Asipoweza, "a". Mimi mwenyewe kukijua au kutokijua hakuhusiki.

Mtu ataniambia, mwalimu, hilo ni gumu kwetu kwa sababu Kiswahili hakina vineno hivyo. Vineno hatuna, ni kweli. Kazi yake tunaifanya kila siku. Sikilizeni hadithi inavyoanza: "Hapo zamani za kale palikuwa na mfalme mmoja. Mfalme huyo alikuwa na binti. Siku moja yule binti akamwambia baba yake…" Hilo "mmoja" la mwanzo halihesabu. Hakuna mtoto aliyedhani kwamba palikuwa na hatari ya wafalme wawili. Linamwambia msikilizaji: huyu humjui bado, tulia, nakuletea. Likishafanya kazi hiyo linaondoka, linaingia "huyo", linaingia "yule". Sasa jaribu kuianza hadithi kinyume: "Hapo zamani za kale palikuwa na yule mfalme." Mtoto wa miaka minne atakukatiza hapohapo: mfalme yupi?

Swali hilo la mtoto, "yupi?", ndilo sarufi yenyewe.

Na tukichimba historia ya Kiingereza tunakuta kwamba walipita njia ileile. Katika Kiingereza cha kale palikuwa na neno "ān", maana yake moja. Neno hilo likagawanyika njia mbili. Pale lilipotamkwa kwa mkazo likawa "one" tunayoijua leo. Pale lilipotamkwa harakaharaka, mbele ya nomino, likachakaa likawa "an", kisha likazidi kuchakaa likawa "a". "The" nayo imetoka kwenye vionyeshi, ukoo mmoja na "that". Zamani hizo kineno hicho kilikuwa na maumbo mengi, kikibadilika kufuata jinsia na nafasi ya nomino katika sentensi, kama vile "yule", "ule", "lile" na "kile" zetu zinavyofuata ngeli. Maumbo hayo yakaporomoka moja baada ya jingine, likabaki moja tu. Kwa hiyo "a" ni "mmoja" iliyochakaa, na "the" ni "yule" iliyochakaa. Wala si Waingereza peke yao. Kilatini hakikuwa na vineno hivi hata kimoja, lakini watoto wake walivitengeneza kutokana na "unus", yaani moja, na "ille", yaani yule: ndipo Kifaransa kikapata "un" na "le", na Kihispania "un" na "el".

Tofauti iliyobaki kati yetu na wao ni hiari. Mimi naweza kusema "mtoto analia" nikaondoka zangu, bila kukuambia kama ni mtoto unayemjua. Mwingereza hana ruhusa hiyo. Lazima aseme "a child" au "the child", hata kama hajali.

Tuone kineno kikifanya kazi, kwa karibu. Nawasomea sentensi mbili: "I went to a wedding on Saturday. The bride was late, and a guest fainted." Harusi imepata "a", sawa, ndiyo kwanza naitaja. Lakini bibi harusi naye ndiyo kwanza anatajwa, na amepata "the". Ile kanuni ya daftarini, kwamba mara ya kwanza ni "a" na mara ya pili ni "the", imekufa hapo. Kwa nini? Kwa sababu nikishasema harusi, umeshajua kuna bibi harusi, na ni mmoja. Huhitaji kuuliza yupi. Mgeni aliyezimia ni habari nyingine. Wageni ni wengi, huwezi kujua ni nani kati yao, basi anabaki "a guest". Nikisema "the guest fainted" nimeifanya harusi ya watu kuwa na mgeni mmoja.

Sasa nitafsiri bila kufikiri: "Jumamosi nilikwenda harusini. Bibi harusi alichelewa, na mgeni mmoja akazimia." Mmesikia? "Mmoja" imejileta yenyewe kwa mgeni, na imekataa kwenda kwa bibi harusi. Ningesema "bibi harusi mmoja alichelewa" mngeanza kuulizana kulikuwa na mabibi harusi wangapi. Sikio lenu linaijua kanuni hii tangu utotoni. Kinachokosekana ni kuliamini mnapoandika Kiingereza.

Kwa mantiki hiyohiyo yale mambo mliyokariri kama orodha yanajieleza yenyewe: "the sun", "the first", "the best", "the same". Jua tunaloliona ni moja. Aliye wa kwanza ni mmoja, aliye bora kuliko wote ni mmoja. Hakuna wa kuuliza yupi.

Kuna chombo kingine cha Kiswahili ambacho sijui kwa nini hakitumiki darasani. Linganisheni "Umesoma kitabu?" na "Umekisoma kitabu?" La kwanza linauliza kama umepata kusoma, kitabu chochote. La pili ni la mtu aliyekuazima kitabu wiki iliyopita, na jasho linaanza kukutoka. Hiyo "ki" katikati ya kitenzi inafanya kazi ya "the". Tahadhari moja: kwa watu na wanyama kipimo hiki hakifai sana, maana "nimemwona mtoto" tunasema hivyo hata mtoto akiwa hajulikani. Kwa vitu, ni kipimo kizuri kuliko vingi nilivyoviona vitabuni.

Kwa hiyo wanafunzi wangu nawapa zoezi la kijinga kidogo. Kabla hujaiandika nomino ya Kiingereza, ijaribu kimoyomoyo kwa Kiswahili cha msimulia hadithi. Ikikubali "mmoja" au "fulani", weka "a". Ikikubali "yule", "ile", au "ki" kwenye kitenzi, weka "the". Ikikataa vyote viwili, simama. Huenda hapahitajiki kitu.

Na hapo pa kutohitaji kitu ndipo tunapoumia zaidi, kwa sababu tukishajua kwamba Kiingereza kinapenda vineno tunaanza kuvimwaga kama chumvi. "The life is hard." "The love is patient." Hapana. Anayesema maisha ni magumu hasemi maisha fulani wala maisha yale, anasema maisha. "Life is hard", basi. Ukiyabana maisha hayo, ukasema ya askari, "the life of a soldier", "the" inarudi, kwa kuwa sasa tunaweza kuuliza yapi na tukajibiwa. Vivyo hivyo "Dogs are loyal" ni mbwa kwa jumla. "The dogs are loyal" ni wale wanaonguruma getini.

Kuna nomino ambazo Kiingereza kimeamua hazihesabiki, na uamuzi huo haukutushirikisha. Sisi tunahesabu taarifa mbili, vifaa vitatu, mizigo minne. Wao "information", "equipment" na "luggage" ni kama maji, huwezi kuziwekea "a" wala kuzitia "s" ya wingi. "An information" na "an equipment" ni makosa ninayoyasahihisha karibu kila siku, na huyafanya watu wenye Kiingereza kizuri kabisa. "Advice" nayo ni hivyo hivyo, "furniture", "homework", hata "news" yenye "s" yake ya kudanganya. Ukitaka moja lazima ukate kipande: "a piece of advice".

Ila uzuri wa jambo hili, na mimi hapa huwa nafurahi kama mtoto, ni nomino zinazovuka mpaka. "Iron" ni chuma. "An iron" ni pasi ya kunyooshea nguo. "Glass" ni kioo, ile mali yenyewe, na "a glass" ni bilauri unayonywea. "Paper" ni karatasi, "a paper" ni makala au gazeti. "A chicken" anatembea uani, "chicken" iko sahanini. Mtu akikuambia "I like dogs" mkaribishe. Akikuambia "I like dog", mfiche mbwa wako.

Kuna pia mahali ambapo kineno kinamtenganisha mwenye shughuli na mpita njia. "He is in prison" huyo amefungwa. "He is in the prison" anaweza kuwa wakili wake, au fundi bomba aliyekwenda kuziba mfereji. "Go to school" anasoma, "go to the school" amekwenda kulipa ada. Hospitali imewagawa wenyewe kwa wenyewe: Mwingereza mgonjwa yuko "in hospital", Mmarekani mgonjwa yuko "in the hospital". Mwanafunzi akiniuliza ipi ni sahihi namuuliza anamwandikia nani.

Majina ya mahali nitayapitia haraka, maana hapa kanuni zinavuja na sitaki kuwadanganya. Mito, bahari na safu za milima huchukua "the": "the Nile", "the Indian Ocean", "the Alps". Ziwa na mlima mmoja hukataa: "Lake Victoria", "Mount Everest". Nchi nyingi hukataa, isipokuwa zenye neno la kawaida ndani ya jina, kama "the United Kingdom", au zenye umbo la wingi, kama "the Netherlands" na "the Philippines". Gambia imebaki nayo, na jina lake limetokana na mto. Ukraine iliwahi kuitwa "the Ukraine" na Waingereza na Wamarekani. Tangu uhuru wa mwaka 1991 wenye nchi wamesisitiza kineno kiondoke, kwa sababu masikioni mwao kinaifanya nchi isikike kama jimbo la nchi nyingine. Na kimeondoka.

"An" nayo haihitaji muda mrefu. Inafuata sauti, haifuati herufi, na sisi mchezo huo tunao: tunasema "mtoto" lakini "mwana", "kitu" lakini "chombo", kiambishi kinageuka kikikutana na irabu. Sema neno kwa sauti, sikiliza linavyoanza. "Hour" inaanza kama "awa", basi "an hour". "University" inaanza kwa "yu", basi "a university". "MP" inaanza kwa "em", basi "an MP", ingawa M yenyewe ni konsonanti. Kumbukeni tu kwamba "an" ndiye mkubwa na "a" ndiye aliyepoteza mkia. Mkia huo uliwasumbua hata wenyewe. Zamani walisema "a napron", watu wakasikia "an apron", aproni ikapoteza N yake mpaka leo. Nyoka aliyeitwa "a nadder" akawa "an adder". Kinyume chake, "an ekename", jina la nyongeza, likaiba N ya jirani likawa "a nickname". Msiwacheke. Sisi tulichukua kwa Waarabu "alfajiri", "alasiri" na "Alhamisi" pamoja na "al" yao mbele, ambayo ndiyo "the" ya Kiarabu. Tumekuwa tukitamka "the" kila Alhamisi bila kujua.

Kabla sijamaliza, wapo wanaoniambia haya ni mapambo, kwamba maana inaeleweka tu. Mara nyingi inaeleweka, nakubali. Lakini Julai 1969 Neil Armstrong alishuka mwezini, na dunia ikasikia: "That's one small step for man, one giant leap for mankind." Tazameni. "Man" bila kineno ni binadamu wote, sawasawa na "mankind". Kwa hiyo sentensi iliyosikika inasema: hatua ndogo kwa binadamu, hatua kubwa kwa binadamu. Armstrong mwenyewe alisema alikusudia "for a man", na watu wamebishana miaka mingi kama ile "a" ilitamkwa ikamezwa na mitambo au haikutamkwa. Mfasiri wa Kiswahili hana shida hata kidogo. Ataandika "hatua ndogo kwa mtu mmoja", na "mmoja" hiyo itamjia bila kuitwa.

Mfano wa pili hauna utani ndani yake. Tarehe 22 Novemba 1967 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 242. Katika Kiingereza linataja majeshi ya Israeli kuondoka "from territories occupied in the recent conflict". Hakuna "the" kabla ya "territories". Wapo waliosema kukosekana kwake kunamaanisha si lazima maeneo yote. Wengine wakaonyesha nakala ya Kifaransa, yenye "des territoires occupés", ambayo husomeka kwa urahisi kama maeneo yale yaliyokaliwa, na wakakumbusha kwamba azimio lenyewe linakataa kujitwalia ardhi kwa vita. Mabishano hayo yamepita nusu karne. Sikuja hapa kuyaamua. Nataka tu mfasiri aliyekaa mstari wa mbele ajiulize: hilo "territories" ungelitafsiri "maeneo", au "maeneo yale"? Huwezi kukwepa. Ukiandika "maeneo" tu, umerudisha utata uleule. Pengine ndiyo tafsiri ya haki kuliko zote, kwa sababu hiari yetu ya kutokusema ndiyo iliyotuokoa.

Nimesema vya kutosha. Kwenye karatasi mlizozikuta vitini kuna aya moja ya Kiingereza niliyoifuta kila "a", "an" na "the". Inaanza hivi: "Man walked into room and sat on chair near window." Ukiandika "the window" umejenga chumba chenye dirisha moja. Ukiandika "a window" umetoboa ukuta mara nyingine. Mnayo ruhusa ya kujenga mnavyotaka, mradi mniambie mlichojenga. Ndugu uliyeketi pale nyuma karibu na mlango, tuanze na wewe. Huyo "man": yupi?